Sanduku na Kivuli Chake: Historia ya Kunakili Sauti ya Spika za Gitaa

0. Utangulizi

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alirekodi gitaa la Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Katika rekodi hizo umo wimbo "Masanga", uliokuja kusikika mbali sana na Katanga. Gitaa la Mwenda lilikuwa gitaa kavu: nyuzi ziliguswa kwa vidole, mbao zikatikisika, hewa iliyo tumboni mwa gitaa ikavuma, na sauti ikatoka imekamilika. Nyuzi na sanduku lake vilikuwa kitu kimoja. Aliyetaka kuinasa sauti ile alijua mahali pa kuelekeza maikrofoni.

Gitaa la umeme lilivunja umoja huo. Nyuzi zilibaki mikononi mwa mpigaji, lakini sanduku la kuvumisha sauti lilihama likasimama kando, mwisho wa waya: amplifaya, na spika iliyofungwa ndani ya kasha la mbao, lile ambalo watu wa Lubumbashi huliita bafle. Tangu hapo kukawa na swali ambalo halikuwapo zama za gitaa kavu: sauti ya gitaa iko wapi hasa? Je, iko katika nyuzi, katika amplifaya, au katika kasha? Na mhandisi anayetaka kuitia sauti hiyo ndani ya kompyuta anapaswa kunakili kitu gani?

Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo, tangu spika ilipobuniwa hadi siku hizi ambapo sauti ya kasha zima huhifadhiwa katika faili ndogo ya tarakimu. Hoja inayotetewa ni kwamba nakala ya namna hiyo si kasha lenyewe. Ni hati ya kihistoria, na kama hati nyingine yoyote, inadai kuhojiwa: nani aliipima, lini, wapi, kwa chombo gani, na nini aliacha nje.

1. Sanduku linahama (1925–1962)

Spika ya aina inayotumiwa hadi leo ilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Muundo wake si mgumu kuusimulia. Koili ya waya mwembamba huwekwa katika pengo la sumaku. Umeme unaobeba sauti ukipita ndani ya koili, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni ya karatasi iliyobandikwa kwenye koili hiyo husukuma hewa. Wabunifu hao walitaka spika iseme kweli, yaani irudishe sauti kama ilivyoingia, bila kuongeza wala kupunguza.

Miaka sita baadaye, mwaka 1931, George Beauchamp alibuni mjini Los Angeles gitaa ambalo mtikisiko wa nyuzi zake ulinaswa kwa sumaku. Gitaa hilo lilianza kuuzwa mwaka 1932 na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, mwembamba, bila tumbo. Lilikuwa gitaa lisilo na sanduku. Yote ambayo tumbo la gitaa kavu lilikuwa likiifanyia sauti, sasa yalikuwa yafanywe na spika.

Spika, hata hivyo, haikusema kweli. Spika ya gitaa yenye kipenyo cha inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu, hupokea vizuri sauti za kati, huinua kidogo zile zilizo kati ya mitikisiko 2,000 na 4,000 kwa sekunde, kisha huporomoka kwa ghafla baada ya 5,000. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitikisiko 20,000 hivi. Hii ina maana kwamba spika ya gitaa hufunga mlango mbele ya sehemu kubwa ya sauti za juu. Chombo cha kupigia santuri chenye tabia hiyo kingeitwa kibovu, lakini kwa gitaa kasoro hiyo ilikuwa neema. Sauti itokayo moja kwa moja katika sumaku za gitaa ni nyembamba na kali. Ikikuzwa kupita kiasi mpaka ikakwaruza, bila kupitia spika ya namna hiyo, hulia kama nyuki waliofungiwa katika kopo. Koni ya karatasi iliwatoa nyuki na kuacha asali.

Kasha nalo lilichangia. Methali isemayo kwamba debe tupu haliachi kuvuma huwakejeli wenye maneno mengi, lakini fundi wa spika angeweza kuichukua kama kanuni ya fizikia. Hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku hufanya kazi kama springi nyuma ya koni. Mbao nazo hutikisika pamoja nayo. Kasha lililo wazi nyuma hutawanya sauti chumbani na kupoteza baadhi ya besi, ilhali kasha lililofungwa pande zote huielekeza mbele na kuipa kishindo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika historia ya vyombo viwili. Huko Fullerton, California, Leo Fender alitengeneza amplifaya iliyoitwa Bassman. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na spika nne za inchi 10 zilizotengenezwa na kampuni ya Jensen ya Chicago, ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Mwaka 1962, Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, waliiga mzunguko wa umeme wa Bassman karibu kama ulivyokuwa. Lakini spika walizoweza kuzipata kwa urahisi Uingereza zilikuwa za kampuni ya Celestion, tena za inchi 12. Walizifunga nne pamoja katika sanduku lililozibwa nyuma. Mizunguko ya umeme ilifanana, masanduku yakatofautiana, na wasikilizaji wakapata sauti mbili ambazo hakuna aliyezichanganya. Tangu mwanzo, basi, ilikuwapo dalili kwamba nusu ya chombo hiki imo ndani ya kasha. Wahandisi wa baadaye walichukua muda mrefu kuizingatia dalili hiyo.

2. Kasoro inageuka kuwa uzuri (1951–1966)

Wapiga gitaa waliielewa mapema kuliko wahandisi. Mwaka 1951, kundi la Ike Turner lilifika Memphis, katika studio ya Sam Phillips, kurekodi wimbo "Rocket 88". Spika ya mpiga gitaa Willie Kizart ilikuwa imeharibika, na simulizi hutofautiana kuhusu jinsi ilivyoharibika njiani. Karatasi ilishindiliwa ndani ya spika ili kazi iendelee, na mkwaruzo uliotokea ukaachwa katika rekodi. Mwaka 1958, Link Wray alitoboa koni za spika zake kwa kalamu ya risasi ili kupata sauti aliyoitaka kwa ajili ya "Rumble". Mwaka 1964, huko London, kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks alikata koni ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, na sauti hiyo iliyochanwa ikasikika katika "You Really Got Me".

Matukio haya matatu husimuliwa mara nyingi kama vichekesho vya ujana, lakini yana fundisho zito zaidi. Katika kila tukio, nyuzi, mikono na amplifaya havikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni karatasi, na kwa kubadilisha karatasi, mpigaji alibadilisha chombo. Tangu hapo spika haikuweza tena kuhesabiwa kama tarishi anayepeleka barua bila kuifungua.

Mwaka 1966 jambo hilo liliingia studioni kwa mlango wa mbele. Eric Clapton, alipokuwa akirekodi na kundi la John Mayall katika studio za Decca, London, alisisitiza kupiga amplifaya yake ya Marshall kwa sauti kubwa ileile aliyoitumia jukwaani. Desturi ya studio ilikuwa kupunguza sauti ili isivuje katika maikrofoni za wenzake. Hapa ilibidi maikrofoni zipangwe kulingana na amplifaya. Polepole kukazaliwa ufundi mpya. Ulihusu mahali pa kuweka maikrofoni mbele ya spika: katikati ya koni, ambako sauti ni kali, pembeni, ambako ni laini zaidi, karibu na kitambaa cha kasha, ambako besi huongezeka, au mbali, ambako chumba nacho hushiriki. Maikrofoni ya Shure SM57, iliyotolewa mwaka 1965 na ambayo haikutengenezwa mahususi kwa gitaa, ilipata makao ya kudumu mbele ya masanduku hayo.

Kuanzia hapo, sauti ya gitaa ambayo umma uliijua kwa redio na santuri haikuwa ile aliyoisikia mpigaji chumbani. Ilikuwa sauti ya kasha kama lilivyosikilizwa na maikrofoni moja, mahali pamoja. Sikio la kizazi kizima lilifundishwa na maikrofoni.

3. Majaribio ya kuliondoa sanduku (1980–1998)

Masanduku hayo yalikuwa mazito, na yalilia vizuri pale tu yalipopigwa kwa nguvu iliyowasumbua majirani. Haja ya kuyaondoa ilikuwa dhahiri. Tom Scholz, mhandisi aliyesoma katika chuo cha MIT na kufanya kazi katika kampuni ya Polaroid kabla ya kupata umaarufu na kundi la Boston, alitoa mwaka 1982 kifaa kidogo kilichoitwa Rockman. Kilivaliwa kiunoni na kusikilizwa kwa vifaa vya masikioni. Ndani yake mlikuwa na vichujio vya umeme vilivyokata sauti za juu na kuinua za kati kwa kadiri ya spika iliyowekewa maikrofoni. Mwaka 1989, Andrew Barta wa kampuni ya Tech 21 mjini New York alitoa SansAmp. Jina lake, lenye neno la Kifaransa linalojulikana vema nchini Kongo, lilitangaza nia yake: kupiga bila amplifaya.

Vifaa hivyo vilitumia vichujio vichache. Ni kama mchoraji anayeuchora uso kwa mistari mitano: anayemfahamu mtu atamtambua, lakini hawezi kuhesabu makunyanzi yake. Kasha halisi la spika lina mamia ya vilele na mabonde katika sauti yake, kwa sababu mawimbi hupishana ndani ya sanduku, koni hujikunja vipandevipande, na kingo za mbao hurudisha mwangwi mdogomdogo. Vichujio vitano haviwezi kuyaeleza yote hayo.

Kompyuta ilileta tumaini jipya. Mwaka 1995 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa VG-8, iliyoiga kwa hesabu si amplifaya tu bali pia kasha na maikrofoni. Kampuni ya Line 6 ya California, iliyoanzishwa na Marcus Ryle na Michel Doidic, ilitoa mwaka 1996 amplifaya ya AxSys 212, na mwaka 1998 kisanduku chekundu chenye umbo la figo kilichoitwa POD. Mpigaji alizungusha kitufe, akachagua sauti ya chombo ambacho asingeweza kukinunua. Lakini wasikilizaji makini walilalamika kwamba sauti ilikosa mwili. Wahandisi wengi waliitafuta kasoro hiyo katika valvu za amplifaya. Sehemu kubwa yake ilikuwa katika kasha.

4. Hesabu ya mshindo mmoja

Suluhisho lilitoka katika elimu ya majumba, mbali na muziki wa gitaa. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliombwa aeleze kwa nini maneno hayakusikika vizuri katika ukumbi mpya wa mihadhara. Usiku, wakati mji umetulia, alipiga filimbi ya kinanda, akainyamazisha, na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Baada yake wengine walitumia bastola au mapulizo yaliyopasuliwa. Wazo ni moja: ukikipa chumba mshindo mfupi sana, chumba hukujibu kwa lugha yake yote. Jibu hilo huweza kuitwa mwitikio wa mshindo.

Faida ya mwitikio ni kwamba ukiujua, unaweza kukadiria jibu la chumba kwa sauti nyingine yoyote. Mfano wa ngoma unasaidia. Kila pigo lina mlio wake na mkia wake. Mapigo yakifuatana upesi, mikia hupandana na kujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo sauti isikikayo. Sauti ya kidijitali nayo ni mfululizo wa mapigo madogo mno, kwa kawaida 48,000 kwa sekunde. Kompyuta hulichukua kila pigo, huliambatisha mkia wote wa mwitikio, kisha hujumlisha mikia yote iliyopandana. Kazi hii wanahisabati huiita konvolusheni. Kasha la spika kwa mtazamo huo ni chumba kidogo sana, na mkia wake hufifia katika sehemu ndogo ya sekunde.

Tatizo lilikuwa wingi wa hesabu. Mwitikio wenye vipimo 2,048, ambao ni mfupi kuliko sehemu ya ishirini ya sekunde, unadai kuzidisha zaidi ya mara milioni 98 katika kila sekunde ya muziki. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato ya kuchambua mawimbi, na mwaka uliofuata Thomas Stockham akaonyesha jinsi njia hiyo inavyoharakisha konvolusheni.

Stockham anastahili kukumbukwa katika historia hii kwa jambo jingine. Katika miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Utah, alishughulikia rekodi za mwimbaji Enrico Caruso, aliyefariki mwaka 1921. Rekodi hizo zilifanywa kabla ya maikrofoni ya umeme, kwa kuimba mbele ya pembe kubwa, na pembe ilikuwa imeigubika sauti kwa mvumo wake. Stockham alilinganisha rekodi ya zamani na rekodi ya kisasa ya wimbo uleule iliyoimbwa na mwingine, akakadiria tabia ya pembe, kisha akaitoa kwa hesabu ili sauti ya Caruso ibaki. Matokeo yalitolewa kwa umma mwaka 1976. Kazi yake ilikuwa kinyume kamili cha kazi inayojadiliwa hapa. Yeye alijifunza sanduku ili aliondoe, ilhali wanaonakili spika hujifunza sanduku ili walirudishe. Pande zote mbili zilithibitisha jambo moja: alama ya sanduku katika sauti inaweza kutenganishwa na aliyeimba au aliyepiga.

Mpiga gitaa, hata hivyo, hawezi kungoja. Njia ya mkato ya mwaka 1965 hufanya kazi kwa mafungu, na fungu kubwa huchelewesha jibu mpaka kidole na sauti vinaachana. Mwaka 1995 William Gardner wa MIT alichapisha utatuzi: kichwa cha mwitikio kihesabiwe papo hapo bila mkato, na mkia ugawanywe katika mafungu yanayozidi kukua, kila fungu likihesabiwa wakati lile lililotangulia linasikika. Mwaka 1999 kampuni ya Sony ilitoa DRE-S777, mashine iliyoleta miitikio ya kumbi halisi ndani ya studio. Mwaka 2000, Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, aliwasilisha mjini Paris njia bora ya kupima. Badala ya mshindo wa ghafla, kasha hupigiwa mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka besi hadi sauti nyembamba kabisa. Hesabu ya kurudi nyuma huubana mlio huo wote kuwa mshindo mmoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba mikwaruzo ya spika hujitenga yenyewe na kukaa kando, hivyo mwitikio ulio safi huweza kukatwa na kuhifadhiwa.

Baada ya mwaka 2000 mbinu hizo zilishuka kutoka kumbi kubwa hadi masanduku ya gitaa. Faili ya kasha moja ilikuwa ndogo kuliko picha ya pasipoti. Vyombo kama Axe-Fx, iliyotolewa na Fractal Audio mwaka 2006, vilimruhusu mpigaji kupakia miitikio aliyoipima mwenyewe au aliyopewa na mwenziwe. Mwaka 2017 Celestion yenyewe, kampuni iliyokuwa ikiuza karatasi na sumaku tangu karne iliyopita, ilianza kuuza miitikio ya spika zake.

5. Kinachonaswa na kinachoponyoka

Je, faili hiyo ina nini ndani? Jibu la haraka ni "kasha". Jibu la kweli ni refu zaidi. Mwitikio uliopimwa una amplifaya iliyosukuma mlio, spika moja kati ya spika nne, umri wa karatasi yake, mbao za sanduku, hewa iliyo kati, maikrofoni, na chumba. Maikrofoni ikisogezwa kidogo tu, faili nyingine huzaliwa. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo maikrofoni mbili, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa sentimita 34, hupishana kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Zikijumlishwa kwa nguvu sawa, sauti yenye mitikisiko 500 kwa sekunde hujifuta yenyewe. Hakuna aliyeigusa spika, lakini kasha limekuwa jingine.

Pia konvolusheni ina sharti lake. Inadai kwamba kitu kinachopimwa kiwe na uwiano usiobadilika: kikipewa sauti mara mbili, kijibu mara mbili, wala kisifanye lingine. Spika hulitii sharti hili kwa kiasi tu. Ikipigwa kwa nguvu, koili hupata joto na ukinzani wake huongezeka, hivyo sauti haipandi kama inavyotarajiwa. Koni ikifika mwisho wa mwendo wake, kingo zake hukaza. Spika iliyochanwa kwa wembe mwaka 1964 ingevunja sharti hili waziwazi, kwa kuwa vipande vilivyochanwa hugongana kwa sauti kubwa na kutulia kwa sauti ndogo. Kwa maneno mengine, zile kasoro ambazo katika sehemu ya pili zilionekana kuwa asili ya uzuri wa spika ndizo ambazo mwitikio wa mshindo hauwezi kuzibeba.

Wabunifu wa baadaye waliendelea kukaza wavu. Mwaka 2011 Christoph Kemper wa Ujerumani alitangaza chombo kinachopeleka milio ya majaribio katika amplifaya, kusikiliza jibu kupitia maikrofoni, na kujirekebisha mpaka kifanane nayo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, Alec Wright, Eero-Pekka Damskägg, Lauri Juvela na Vesa Välimäki, walichapisha namna ya kuifunza kompyuta tabia ya amplifaya kwa kuisikilizisha sauti inayoingia na inayotoka, bila kuieleza mzunguko wa umeme ulio ndani. Njia hizi hushika mikwaruzo ambayo konvolusheni huiacha. Hata hivyo nazo hujifunza kile tu walichosikilizishwa: chombo kile, siku ile, vitufe vikiwa pale vilipokuwa.

6. Nakala kama hati

Wanaoshughulika na fasihi simulizi wataitambua hali hii. Masimulizi yaliyorekodiwa jioni moja kijijini si masimulizi yote. Ni utendaji mmoja, mbele ya hadhira moja, kwa kinasa sauti kilichowekwa mahali fulani. Rekodi hiyo ina thamani kubwa, lakini thamani yake hutegemea maelezo yanayofuatana nayo. Bila jina la msimulizi, mahali, tarehe na mazingira, hubaki sauti isiyo na ukoo.

Miitikio mingi ya spika husambazwa ikiwa na hali hiyohiyo ya uyatima. Jina la faili hutaja aina ya kasha na labda maikrofoni. Mara nyingi halisemi spika ilitengenezwa mwaka gani, imepigwa kwa miaka mingapi, mbao zake ni za aina gani, umbali wa maikrofoni ni sentimita ngapi, wala chumba kilikuwaje. Mtumiaji huamini kwamba anamiliki "sauti ya Marshall", ilhali anamiliki alasiri moja ya sanduku moja.

Jambo hili lina uzito zaidi mtu akitazama ni masanduku yapi yanayorudiwarudiwa. Jensen wa Chicago na Celestion wa Uingereza wamefundisha masikio ya dunia, na nakala huelekea kufuata umaarufu. Lakini historia ya spika kama sehemu ya chombo haikuandikwa Marekani na Uingereza peke yake. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walipiga likembe za umeme kwa vinasa sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na kuzivumisha kwa vipaza sauti vya pembe. Mkwaruzo wa vyombo hivyo, ambao dunia iliusikia kupitia santuri ya "Congotronics" ya mwaka 2004, ulikuwa sehemu ya muziki wenyewe. Anayetaka kuuelewa muziki huo kwa kusoma noti za likembe tu atakosa nusu yake, kama vile anayeisoma "Rumble" bila zile koni zilizotobolewa.

Na masanduku hufa. Gundi hukauka, karatasi hunyonya unyevu na kupasuka, koili huungua, na mbao huliwa na mchwa. Kifaa cha kupima mwitikio si ghali tena: kompyuta ya kawaida, maikrofoni moja na mlio wa sekunde chache vinatosha. Kilicho adimu ni mtu wa kuandika maelezo. Kasha lililopimwa bila maelezo limehifadhiwa nusu, na lililopotea bila kupimwa halitajibu tena mshindo wowote.

7. Hitimisho

Historia hii ilianza na wahandisi waliotaka spika inayosema kweli, ikapita kwa wapigaji walioupenda uongo wake, na kufika kwa wahandisi wengine wanaojitahidi kuunakili uongo huo kwa usahihi wa tarakimu. Kupitia hatua zote hizo, kasha la spika limedhihirika kuwa ndilo tumbo la gitaa la umeme, lililotenganishwa na nyuzi zake mwaka 1931 na kurudishwa kwake kwa hesabu miongo saba baadaye.

Kinachorudishwa, hata hivyo, ni kivuli. Kivuli huonyesha umbo kwa uaminifu, lakini pia huonyesha mahali taa ilipokuwa. Mwanamuziki anaweza kukitumia bila kuuliza, na akapiga vizuri. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Akipokea faili ya kasha, swali lake la kwanza liwe lile ambalo angemwuliza mtu yeyote aliyemletea kanda ya zamani kutoka Likasi au kwingineko: maikrofoni ilikuwa imewekwa wapi, na ni nani aliyeiweka?